Uchungaji Unasomewa?

Hotuba hii ilitolewa na mchungaji mwanamke, mwalimu wa chuo chetu cha Kilutheri, katika kanisa la chuo, siku ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa theolojia. Tumeiweka yote kama ilivyosemwa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Bwana Yesu asifiwe!

Mmh. Hiyo amina ni ya watu waliolala kwenye basi. Tujaribu tena. Bwana Yesu asifiwe! Haya, sasa nawasikia.

Baba Askofu, Mkuu wa Chuo, wachungaji na walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wenyewe mliokuja na mabegi: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, habari za safari. Nimepewa dakika arobaini. Wanaonifahamu wanajua nikipewa arobaini namaliza hamsini, kwa hiyo naomba msamaha mapema, na akina mama wa jikoni wasipakue kwanza.

Nina swali ambalo nina hakika wengi wenu mmeulizwa nyumbani kabla ya kufunga begi. Mimi niliulizwa na mjomba wangu, mzee wa kanisa, mtu wa sala kweli kweli. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliposikia ninakwenda chuoni miaka mitano, aliacha gunzi mkononi, akanitazama: "Uchungaji nao unasomewa?"

Nikamwambia ndiyo mjomba, kuna hata Kiebrania.

"Kiebrania! Kondoo wa huku wanajua Kiebrania?"

Mnacheka, lakini lilikuwa swali la haki, na mimi sikuwa na jibu. Jibu nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, nikiwa mchungaji katika usharika wa wafugaji. Lugha yetu imetupa neno moja kwa kazi mbili: anayetembea nyuma ya ng'ombe ni mchungaji, na anayesimama madhabahuni ni mchungaji. Nikaanza kuwatazama wale wa kwanza. Mtoto wa Kimasai hakabidhiwi ng'ombe siku ya kwanza. Anaanza na ndama na vitoto vya mbuzi, karibu na boma, mahali ambapo akipiga kelele mama atasikia. Anafundishwa majani ya kuogopa na maji ya kukwepa. Anajifunza kuwajua mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, mpaka jioni hana haja ya kuhesabu: anatupa jicho tu, anajua nani hayupo. Ni miaka kabla baba hajamwachia kundi. Sasa niulize: ikiwa ng'ombe wanasomewa hivyo, hawa wenye roho, wenye ndoa, wenye madeni na misiba, tuwaendee kwa kubahatisha?

Nilipompelekea mjomba jibu hilo alikuwa ameshazeeka. Akasema, "Sasa umesema." Halafu akaomba chai.

Leo nataka niwaambie juu ya mahali pawili mtakaposomea. Pa kwanza pana vitabu, pa pili pana vitanda. Kitabu na kitanda. Kila mwaka nawaona wanaokipenda kitabu na kukiogopa kitanda. Hao huishia kuwa wachungaji wa maktaba. Na nawaona wanaokwenda mbio kitandani na kukidharau kitabu, wanaosema Roho Mtakatifu atawajaza maneno saa ile ile. Mimi nimewahi kuwa wote wawili, kwa nyakati mbalimbali, kwa hiyo sina wa kumcheka.

Tuanze na kitabu, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi mna kipindi cha Kiebrania na najua hofu mliyonayo.

Mtaanza na herufi, na mtalalamika zinasomwa kutoka kulia. Kisha siku moja mwalimu ataandika ubaoni neno *rehem*, atawaambia ni tumbo la uzazi, mji wa mimba. Chini yake ataandika *rahamim*, atawaambia ni huruma, rehema. Tazameni yalivyo ndugu. Waebrania walipotaka kusema Mungu ana huruma, walichota neno kule mama anakobebea mtoto. Mkienda kwenye Kigiriki, Marko 6:34, Yesu anawaona makutano "akawahurumia, kwa sababu walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji". Neno lile la Kigiriki limetoka kwenye matumbo, vitu vya ndani kabisa. Ni kwamba tumbo lilimkata. Mswahili anaelewa hapo bila kamusi, maana sisi tumesema siku zote: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisemi neno mchungaji limetokana na uchungu; walimu wa Kiswahili waliomo humu watanifukuza. Lakini sikio lina haki yake ya kusikia.

Je, mtu anaweza kuchunga bila kujua hayo? Anaweza. Wapo wainjilisti wetu wa vijijini wasiojua hata herufi moja ya Kigiriki ambao nikifa ningependa wanizike wao. Ila kuna usiku utafika ambao kutojua kutakugharimu, na hautakugharimu wewe, utamgharimu mwingine. Niwape usiku mmoja wa namna hiyo.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa utumishi wangu. Alhamisi, usiku, hatuna umeme. Wazee wa kanisa wanne wakabisha hodi, nikaongeza utambi wa kandili. Fundi mmoja wa usharika wetu alikuwa amejitoa uhai asubuhi ile. Mwenyekiti wao hakuzunguka: "Mchungaji, huyu hatumziki. Kengele haitapigwa, kwaya haitaimba. Familia ichimbe yenyewe." Nikaomba wanipe mpaka asubuhi, tukutane kanisani.

Sasa niambieni, usiku ule ningefanya nini na karama peke yake? Niliomba, ndiyo, na nililia, maana mjane wake alikuwa mwanakwaya mwenzangu. Lakini asubuhi wazee wangekuja na Biblia mikononi na wangetaka kuonyeshwa imeandikwa wapi. Nikavuta boksi la madaftari ya chuoni chini ya kitanda. Panya walikuwa wameshaanza pembeni. Mwalimu wetu wa Agano la Kale alikuwa ametupitisha vitabu vya Samweli aya kwa aya, muhula mzima, tukamnung'unikia kama wana wa Israeli. Na humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa haraka haraka, nikaikuta 1 Samweli 31.

Mnaikumbuka? Sauli, mtiwa mafuta wa Bwana, ameshindwa vita mlimani Gilboa, anauangukia upanga wake mwenyewe. Wafilisti wanautundika mwili wake kwenye ukuta wa Bethshani. Basi watu wa Yabeshi-Gileadi wanasikia. Wanaondoka, wanatembea usiku kucha, wanautoa mwili ukutani, wanaurudisha kwao, wanaizika mifupa chini ya mti, wanafunga siku saba. Na Daudi akipata habari hawakemei; anawapelekea baraka.

Kwa nini Yabeshi-Gileadi? Kwa nini si mji mwingine wowote wa Israeli? Hapo ndipo aya kwa aya inapolipa. Rudini sura ya 11. Nahashi Mwamoni aliwahi kuuzingira mji huo, akataka kumng'oa kila mmoja jicho la kulia. Aliyekuja kuwaokoa ni Sauli, siku zake za mwanzo. Watu wale walikuwa na macho mawili mawili kwa sababu yake! Walipomwona ukutani hawakuanza na alikufaje. Walianza na alitufanyia nini.

Asubuhi wazee walipokuja niliwasomea sura zote mbili. Sikuhubiri. Niliuliza tu: huyu fundi, nani anakumbuka alitufanyia nini? Kimya. Kimya kirefu. Halafu mzee mkubwa kuliko wote, ambaye usiku ule hakuwa amefungua kinywa, akainua macho darini. "Haya mabati aliyapiga yeye," akasema. "Na hakuchukua hela."

Kengele ilipigwa. Siwezi kuwadanganya kwamba yote yaliisha vizuri: wazee wawili hawakufika mazikoni, na mmoja wao hakunisalimia mpaka Pasaka. Na mtu asitoke hapa akasema mama mchungaji kasema kujitoa uhai si kitu. Ni kitu kizito, na ndiyo sababu hakifai kuamuliwa na mtu ambaye hakusoma. Mwalimu yule wa Agano la Kale ameshalala katika Bwana. Hakujua kamwe kwamba alimzika fundi.

Hicho ndicho kitabu. Twende kitandani, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu huku ndiko nilikoharibu.

Kusomea kwenye kitanda cha mgonjwa kuna historia yake, na mimi naipenda kwa kuwa ilianzia kwa mgonjwa. Anton Boisen, Mmarekani, alizaliwa 1876. Kabla ya theolojia alikuwa mtaalamu wa misitu. Mwaka 1920 akili yake ilivurugika, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts, akakaa zaidi ya mwaka. Angeweza kutoka akaficha habari hiyo maisha yake yote. Wangapi wetu tungefanya hivyo? Yeye mwaka 1924 alirudi kwenye hospitali nyingine ya namna ile ile, Worcester, safari hii kama mchungaji wa hospitali. Kiangazi cha 1925 akachukua wanafunzi wanne wa theolojia akawaingiza wodini wafanye kazi humo. Aliwaita wagonjwa hati zilizo hai. Alitaka wasomwe kwa bidii ile ile tunayosomea hati za kale. Mafunzo ya uchungaji hospitalini, yaliyopo leo pale hospitali ya KCMC, Moshi, na kwingineko duniani, yana mzizi wake pale.

Katika mafunzo hayo kuna kitu kinaitwa vebatimu. Mtakichukia. Ukitoka kumwona mgonjwa unakaa chini unaandika mazungumzo yote neno kwa neno: yeye kasema hivi, mimi nikasema hivi, akanyamaza, nikakohoa. Kisha unaisoma mbele ya wenzako na mwalimu, nao wanakuuliza. Hakuna mtihani wa Kigiriki unaokuvua nguo kama huo.

Vebatimu yangu ya kwanza ilitoka wodi ya watoto. Mama alikuwa wa umri wangu. Mtoto wake alikuwa amefariki alfajiri, mwili umeshachukuliwa, naye amebaki amekaa juu ya kitanda anasubiri mume afike kutoka kijijini. Mikononi alishika bakuli la plastiki, la bluu, lenye uji. Uji umepoa mpaka umefanya utando juu, na utando umekunjamana upande mmoja, pale kijiko kilipopita.

Mimi nimesimama. Biblia kifuani, daftari kwapani, viatu vipya. Nikamsalimu, nikampa pole, na kabla hajamaliza kuitikia nikaanza. Warumi 8:28: katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Nikatoka hapo nikaenda kwa Ayubu, nikapita kwa Daudi na yule mtoto wake, nikafunga kwa sala. Ilikuwa sala nzuri. Najua ilikuwa nzuri kwa sababu nilikuwa naisikiliza. Nilipofumbua macho mama alikuwa amegeukia ukutani, amejifunika khanga mpaka kichwani. Bakuli alikuwa ameliweka sakafuni, taratibu, lisimwagike.

Nikaandika vebatimu yangu kwa furaha. Nilidhani nimefanya kazi.

Mwalimu aliichukua karatasi, akapita na kalamu akihesabu kwa midomo. "Mama amesema maneno tisa," akasema. "Yako nimeacha kuhesabu." Wenzangu wakainama. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Ule uji ulikuwa wa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika kwamba kuna bakuli, rangi yake, na utando wake. Sikuwa nimeuliza.

Jioni nilirudi wodini. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyingine na mtoto mwingine amelala. Nesi ndiye aliyeniambia: uji ulikuwa wa yule mtoto. Usiku alikunywa vijiko viwili, vya kwanza baada ya siku tatu, na mama akafurahi, akamwekea uliobaki anywe asubuhi.

Yule mama sikumwona tena. Sijui jina lake wala kijiji chake.

Sasa nawauliza, wasomi wangu: Warumi 8:28 ni uongo? Hapana. Niliiamini siku ile na ninaiamini leo. Someni kitabu cha Ayubu kwa makini, muwatazame Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipofika na kumwona rafiki yao kwenye majivu, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku saba! Mimi sikufikisha dakika saba. Uchungaji wao bora kabisa ni huo. Balaa lilianza walipofungua vinywa, na wakivifungua wanatoa theolojia ambayo kwenye mtihani wangepata alama za juu: Mungu ni mwenye haki, Mungu hamwonei mtu, tubu utapona. Mwisho wa kitabu Mungu anawaambia kwamba hawakumsema ipasavyo kama Ayubu alivyomsema, Ayubu aliyekuwa akilalamika na kupiga kelele muda wote ule. Nimeisoma mara nyingi na bado inanitisha: mtu anaweza kusema mambo ya kweli juu ya Mungu, akawa amemsema Mungu vibaya.

Mtaniuliza, basi kama kazi ni kukaa kimya, Kiebrania cha nini? Nami nitawajibu kwamba kimya cha asiyejua ni woga tu, na mgonjwa anausikia. Kimya cha yule aliyemsoma Ayubu mpaka sura ya 42 kina uzito mwingine. Mgonjwa anausikia nao.

Kuna jambo la tatu, na hili linatuhusu sisi wa huku hasa.

Profesa John Mbiti, Mkamba wa Kitui, Kenya, kuhani wa Anglikana, aliyefariki 2019, aliwahi kuandika kisa kimoja miaka ya 1970, nacho kinachekesha mpaka unaposhtuka. Kijana amekwenda Ulaya kusoma theolojia karibu miaka kumi. Amejifunza Kijerumani, Kifaransa, Kigiriki, Kilatini, Kiebrania. Anarudi na mizigo ya vitabu, kijiji kizima kimekuja kumpokea, ngoma, vyakula. Katikati ya sherehe dada yake anapiga ukelele, anaanguka. Kijana anasema apelekwe hospitali. Hospitali iko maili hamsini. Watu wanamwambia: dada yako ana pepo, wewe umesomea mambo ya Mungu miaka yote hiyo, msaidie! Kijana anakwenda kwenye mizigo yake, anachomoa kitabu cha profesa mmoja mkubwa wa Ujerumani, Bultmann, anatafuta habari za pepo, na anakuta profesa ameshaeleza kwamba mambo hayo ni lugha ya watu wa kale tu. Basi anawapigia kelele wanakijiji kuwa pepo hakuna. Na dada yake yuko pale chini.

Mbiti hakuwa adui wa shule. Yeye mwenyewe alikuwa na udaktari wa Cambridge. Alichokuwa anauliza ni hiki: hiyo theolojia yako inajibu swali la nani? Mtasoma Wajerumani hapa, na msome vizuri, maana bila wao sisi Walutheri tungekuwa wapi? Lakini ukirudi usharikani mama atakuuliza juu ya ndoto ya marehemu, juu ya tambiko la ukoo, juu ya mtoto anayeanguka kila mwezi mwandamo. Ukimcheka, atakuitikia "ndiyo mchungaji" na usiku atakwenda kwa mganga. Nimeyaona. Na ukikosea upande wa pili ukamwombea mtoto mwenye kifafa mwaka mzima bila kumpeleka kwa daktari, hapo una damu mikononi.

Mwaka 2011, wengine wenu mlikuwa bado mnafundishwa kusoma, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Wapo wagonjwa walioondoka wodini wakaenda. Sikuja hapa kumhukumu mzee yule. Naye ameshatangulia mbele za haki. Nataka muione ile foleni. Wengi katika watu wale walikuwa wana wa sharika zetu, na Jumapili walikuwa wanatusikiliza. Walikuwa na njaa gani ambayo sisi hatukuigusa? Mimi mwenyewe nimemzika binti aliyeacha ARV, dawa za UKIMWI, kwa sababu mtumishi fulani, simtaji, alimtangazia jukwaani kwamba amepona. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja kwangu akiwa amechelewa, na alikuwa akiona haya, kana kwamba imani yake ndiyo iliyopungua.

Ndugu Walutheri, tuna mfano wetu wenyewe, Martin Luther tunayeitwa kwa jina lake. Mwaka 1527 tauni iliingia mji wake wa Wittenberg, Ujerumani. Chuo kikahamishiwa Jena, na mtawala akamtaka Luther naye aondoke. Akabaki, yeye na mchungaji Bugenhagen, mke wake Katharina akiwa mjamzito na nyumba yao imegeuka wodi. Wachungaji wa mji wa Breslau walimwuliza kwa barua, je, Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni? Jibu lake lina pande mbili. Mchungaji asiwaache wanaokufa, kwa sababu ndio saa wanayomhitaji. Na wakati huo huo: tumia dawa, fukiza nyumba, usiende mahali usipohitajika ukawaambukiza wengine. Anayedharau dawa anamjaribu Mungu. Barua ile ina karibu miaka 500! Tulipopata korona tungeweza kuisoma mimbarani kama ilivyo.

Juu ya siri nitasema kwa ufupi kwa sababu haina mjadala. Uliloambiwa ofisini limekwisha pale. Usilitolee mfano kwenye mahubiri kwa kusema "kuna dada mmoja", maana katika usharika wa watu mia mbili kila mtu anamjua dada mmoja. Mwenzangu alifanya hivyo. Dada alinyanyuka katikati ya ibada, akachukua mkoba wake, na mlango ukajifunga taratibu. Usimwambie mkeo. Usimwambie mumeo. Wala usimwombee mtu hadharani kwa habari ambazo hakukupa ruhusa kuzitaja. Huo nao ni umbea, tumeuvalisha joho tu.

Na ninyi mabinti mlioko upande huu: nilipoanza kusoma, KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ilikuwa bado haijambariki mwanamke kuwa mchungaji. Tulisoma bila kujua tunakwenda wapi. Mlango ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bado mtaulizwa mchungaji yuko wapi na ninyi mmesimama na kola shingoni. Mimi huwa najibu, "Amefika." Mengine tutazungumza jikoni kwangu.

Nimalizie kwa Luther yule yule, maana najua mmeshamfanya sanamu. Septemba 1542 binti yake Magdalena, miaka 13, alifia mikononi mwake. Daktari wa theolojia, mwandishi wa vitabu hivyo vyote, alipiga magoti kando ya kitanda akalia sana. Alisema roho yake ina furaha kwa sababu mtoto yuko kwa Baba, na papo hapo mwili wake umejaa huzuni. Yote mawili aliyasema, wala hakuona aibu kwa lipi. Kwa hiyo siku ikifika, na kwa wengine wenu itafika mkiwa bado chuoni, mjumbe anakuja darasani kukuita nje, usijikaze ili tuone una imani. Njoo. Walimu wako wamezika, wote, nenda uwaulize.

Naona Mkuu wa Chuo ametazama saa. Tangazo moja tu. Orodha ya wodi itabandikwa Jumatatu kwenye ubao ulio nje ya maktaba. Wodi zetu nyingi hazina kiti cha mgeni. Usikae kitandani kwa mgonjwa bila kumwomba, na usisimame, kwa sababu aliyesimama anaonekana anaondoka. Omba stuli kwa nesi, au ndoo ukaigeuze. Mimi nina vigoda sita nyumbani, vyepesi, vinaingia kwenye mfuko. Anayetaka aje jioni, aandike jina lake kwenye daftari, na akirudishe. Mwaka jana vilikuwa vinane.

Akina mama, pakueni.